Utamu wa ngoma aliujua Helen Keller

Kuna imani iliyokita mizizi katika fikira za wengi wetu, nayo ni kwamba uchezaji ngoma ni sanaa ya macho. Muziki, wasema watu, ni wa masikio. Hadithi ni ya masikio na akili. Lakini mchezaji ajipindapo na kuruka jukwaani bila kutamka neno, huyo humchezea mwenye macho peke yake. Kipofu ataambulia vishindo na makofi. Kwa sababu ya imani hiyo asiyeona huachwa nyumbani siku ya maonyesho, au huletwa akaketishwa kwa heshima katika safu ya mbele, kisha akasahauliwa papo hapo.

Leo napenda kuipinga imani hiyo, na shahidi wangu ni mwanamke aliyefariki dunia zaidi ya nusu karne iliyopita. Helen Keller hakuona wala hakusikia. Ikiwa yupo binadamu ambaye ngoma ilistahili kumpita kabisa, basi ni yeye, maadamu hata nyimbo na vigelegele vinavyomfaa kipofu hakuvisikia. Hata hivyo alisimama katikati ya wachezaji mashuhuri wa karne ya 20 na kuifahamu kazi yao. Namna alivyofika hapo ndiyo nitakayoisimulia, kisha nirudi nayo Kiirua, huku kwetu Meru, kwa kuwa ina mafunzo yanayotuhusu.

Helen Adams Keller alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alizaliwa mzima. Alipokuwa na umri wa miezi 19 alishikwa na homa kali ambayo hata madaktari wa leo hawakubaliani ilikuwa ugonjwa gani. Homa ilipoondoka iliondoka na macho na masikio yake. Kwa miaka mitano iliyofuata mtoto huyo aliishi katika nyumba ya wazazi waliompenda lakini wasiojua la kumfanyia. Alijibunia ishara kadhaa za mikono, na aliyezielewa vyema alikuwa Martha Washington, binti wa mpishi wa nyumba ile, mtoto Mweusi aliyekuwa akicheza naye jikoni na uani. Wanaisimu twapaswa kumkumbuka msichana yule. Kabla ya walimu na vyuo, alikuwa mfasiri wa kwanza wa Helen.

Tarehe 3 Machi 1887 akawasili mwalimu. Jina lake Anne Sullivan, binti wa wahamiaji maskini kutoka Ireland, umri wake miaka 20. Yeye mwenyewe alikuwa ameugua trakoma utotoni, ule ugonjwa wa vikope uliowapofusha watu wengi katika nchi kavu za kaskazini mwa Kenya, na macho yake yaliponea chupuchupu baada ya kupasuliwa mara kadhaa. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya mafukara, kisha akasoma katika Shule ya Vipofu ya Perkins mjini Boston, ambako alijifunza alfabeti ya vidole. Kwa alfabeti hiyo msemaji huandika herufi moja moja katika kiganja cha msikilizaji.

Kwa mwezi mzima Sullivan aliandika maneno katika kiganja cha mtoto. Helen aliyaiga kwa vidole vyake kama mtu aigaye mchezo, bila kutambua kwamba yana maana. Mnamo tarehe 5 Aprili 1887 mwalimu alimpeleka kwenye pampu ya maji. Mkono mmoja akauweka chini ya bomba, maji baridi yakaububujikia. Katika mkono wa pili akaliandika neno la maji, kwanza polepole, kisha kwa haraka. Hapo mtoto akasimama tuli. Alikuwa ameng'amua kwamba kile kilichokuwa kikimtekenya kiganja kimoja ndicho jina la kile kilichokuwa kikiulowesha mkono wa pili. Kabla ya jua kutua siku ile alikuwa amejifunza maneno yapatayo 30.

Kisa hiki husimuliwa shuleni kama muujiza. Mimi naomba tukitazame kama kanuni. Sullivan alikuwa amempa mtoto neno peke yake kwa majuma kadhaa, na halikuzaa kitu. Maji peke yake Helen alikuwa ameyagusa tangu uchangani, nayo hayakumpa lugha. Maarifa yalipatikana pale viwili hivyo vilipokutana katika mwili mmoja kwa wakati mmoja: kitu katika mkono huu, neno katika mkono ule. Kanuni hiyo ndiyo iliyomfikisha Helen kwenye ngoma, kama nitakavyoeleza.

Maisha yake baada ya pale yanajulikana sana, kwa hiyo nitayapitia upesi. Aliingia Chuo cha Radcliffe mwaka 1900 na kuhitimu kwa sifa mwaka 1904, akiwa kiziwi-kipofu wa kwanza kupata shahada ya kwanza ya chuo nchini Marekani. Katika miaka hiyo yote Sullivan aliketi ubavuni pake madarasani, akimwandikia kiganjani kila aliyosema mhadhiri. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa mwaka 1903, na kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Aliingia siasa za mrengo wa kushoto mwaka 1909, akatetea haki ya wanawake kupiga kura, na mwaka 1916 akakichangia pesa chama kilichopigania haki za Wamarekani Weusi, jambo lililowaudhi jamaa zake wa Alabama. Kuanzia mwaka 1924 alilitumikia Shirika la Marekani la Vipofu kwa zaidi ya miaka 40. Alizuru nchi 39, Afrika Kusini ikiwamo, ambako alifika mwaka 1951. Alifariki tarehe 1 Juni 1968, akisaliwa na majuma machache kutimiza miaka 88.

Hakuwa malaika. Mwaka 1915 alimuunga mkono hadharani daktari wa Chicago aliyekataa kumpasua mtoto mchanga mwenye kasoro za mwili, na msimamo huo hadi leo huwahuzunisha wengi wanaomstahi. Namtaja kwa ajili ya alichokithibitisha kuhusu lugha na mwili, na katika hilo ushahidi wake haujatenguliwa.

Ushahidi huo ulitiwa shaka mapema. Akiwa na umri wa miaka 11 alitunga kisa cha mfalme wa jalidi na kumpelekea mkurugenzi wa Perkins kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Kilipochapishwa, ikagunduliwa kwamba kilifanana mno na kisa cha mwandishi mwingine, ambacho yamkini alikuwa amesomewa kiganjani zamani na kukisahau. Mtoto yule akawekwa mbele ya baraza la watu wazima na kuhojiwa kama mwizi. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1933, mwanasaikolojia Thomas Cutsforth, ambaye naye alikuwa kipofu, alidai kuwa vipofu hufundishwa kusema maneno ya wenye macho ambayo kwao ni matupu, na Helen Keller akawa mfano wake mkubwa. Vipi mtu asiyeona ataandika juu ya rangi za machweo? Si maneno ya kuazima hayo?

Hili ni swali la taaluma yangu, na jibu langu ni kwamba sote tunaazima. Wengi wetu pale Kiirua tumeitazama theluji juu ya Mlima Kenya tangu utotoni, asubuhi mawingu yanapopasuka, lakini hatujaigusa kamwe. Helen Keller aliishika theluji kwa mikono yake na hakuiona kamwe. Nani kati yetu anayelijua neno hilo kwa ukamilifu? Kila msemaji wa lugha ana maneno ambayo kwayo ameonja nusu tu ya jambo, na nusu ya pili amepewa na wenzake. Asiyeona ana haki ya kupewa nusu yake kama wengine. Hoja ya Cutsforth hata hivyo ina chembe ya ukweli ambayo hatupaswi kuitupa: neno lisiloshikamana na mguso, mwendo au sauti yoyote hubaki kuwa upepo. Helen mwenyewe alilifahamu hilo, ndiyo maana mwaka 1908 alitoa kitabu kizima cha kueleza ulimwengu jinsi unavyojulikana kwa mkono, kwa pua na kwa nyayo.

Sasa tufike kwenye sanaa. Mwimbaji Enrico Caruso alipomwimbia, Helen aliweka vidole vyake midomoni na kooni pa mwimbaji yule. Mwezi Februari 1924 orkestra ya New York ilipopiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, aliweka mkono juu ya kipokezi cha redio nyumbani kwake, akapambanua mtetemo wa ala na ule wa sauti za waimbaji. Kumbuka kwamba Beethoven naye alikuwa kiziwi alipoitunga kazi hiyo.

Na alikuwa rafiki wa Martha Graham, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1991, mwanamke ambaye pengine hapana aliyemzidi katika kuiunda densi ya kisasa ya Marekani. Graham alisimulia katika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka aliofariki, kwamba Helen alikuwa akija katika studio yake. Siku moja aliuliza kuruka ni kitu gani. Graham hakumpa fasili. Alimwita mmoja wa wachezaji wake, kijana Merce Cunningham, akaiweka mikono ya Helen kiunoni mwake. Cunningham akaruka, akatua, akaruka tena, na mikono ya Helen ikapanda na kushuka pamoja naye. Uso wake ukabadilika kwa furaha. Zaidi ya hayo, filamu ya mwaka 1954 iliyoongozwa na Nancy Hamilton kuhusu maisha ya Helen, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu za hali halisi kwa mwaka 1955, inamwonyesha mama huyo, umri wake umekaribia miaka 74, akiwa amezungukwa na wachezaji wa Graham studioni.

Yatazame mambo hayo mawili pamoja, pampu ya mwaka 1887 na kiuno cha Cunningham. Ni kanuni ileile. Swali liliulizwa kwa neno, jibu likaja kwa mwili, na kiganjani akapewa maneno ya kuliunganisha. Waswahili waliyasema haya zamani waliponena kuwa utamu wa ngoma ingia ucheze. Methali hiyo haikusema tazama ngoma.

Na hapa lugha yetu ina la kutufunza. Katika Kiswahili neno ngoma ni ile ala inayowambwa ngozi, ni uchezaji wenyewe, na ni mkusanyiko wa watu waliokuja kucheza. Neno moja limebeba sauti, mwili na jamii. Wazee wetu hawakuona haja ya kuvitenganisha kwa sababu havikutengana. Msikilize mpigaji ngoma wa Chuka, aibanaye ngoma yake ndefu mapajani na kucheza huku akiipiga: asiyeona aliyesimama karibu hupata mdundo kwa masikio, kishindo kwa nyayo, na joto la umati kwa ngozi yake. Ngoma za jadi hazikumtupa kipofu nje ya uwanja.

Densi ya kisasa ndiyo iliyomtupa nje. Cunningham yuleyule aliyempa Helen kiuno chake, baada ya kuanza kazi zake mwenyewe, alishirikiana na mtunzi John Cage na kuutenga mwendo na muziki, kila kimoja kikaenda njia yake. Kwa mwenye macho huo ulikuwa uhuru wa kusisimua. Kwa asiyeona, uzi wa mwisho ulikatika, kwani muziki haukumwambia tena lolote juu ya mwili. Sanaa hiyo imefika kwetu pia. Mwaka 1997 Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen waliunda jijini Nairobi kundi la Gàara, na tangu hapo vijana wa Afrika Mashariki wamebuni kazi ambazo kimya na pumzi vina uzito sawa na mdundo. Hata tamasha za drama za shule zetu zina vitengo vya densi ya ubunifu. Mimi sizipingi kazi hizi, nazipenda. Ninachosema ni kwamba kadiri mwendo unavyoachana na sauti, ndivyo deni letu kwa wasioona linavyokua.

Deni hilo nililiona kwa karibu katika tamasha moja ya shule za eneo letu. Kando yangu aliketi mzee mmoja ambaye glakoma ilimnyang'anya macho ukubwani, naye alikuja kwa ajili ya mjukuu wake. Kundi la wanafunzi lilicheza kisa cha msitu unaokatwa. Umati ukapiga mayowe, ukanyamaza jii, ukapiga mayowe tena. Mzee akamuuliza mwalimu aliyekuwa karibu mtoto amefanya nini. Akajibiwa kwamba amecheza vizuri. Jibu hilo lilikuwa la adabu, na halikumpa chochote. Tulipokuwa tukirudi kwa miguu nilimweleza kwamba mjukuu wake alikuwa mti, kwamba alisimama wima mikono imeinuliwa, akatikisika toka vifundoni hadi vidoleni, kisha akaanguka pu bila kukunja goti. Mzee akasimama njiani, akaegemeza mkongojo kifuani, akainua mikono yake na kuniuliza kama ni hivyo. Nikamwinua viwiko kidogo. Akakaa katika umbo lile kwa muda, magari yakitupita, na ndipo akacheka na kusema mtoto yule amemrithi bibi yake. Nathubutu kusema kwamba wakati ule aliijua ngoma ile kuliko baadhi yetu tulioitazama.

Wako watakaoniambia kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba huduma rasmi ya kuwasimulia wasioona yanayotendeka jukwaani ilishika kasi jijini Washington mwaka 1981, pale Margaret Rockwell, mwanamke aliyepoteza uwezo wa kuona, alipoianzisha pamoja na ukumbi wa Arena Stage, na kwamba huko hutumia vipaza sauti vya masikioni. Lakini Anne Sullivan alitumia vidole. Kinachohitajika Kiirua ni mtu mmoja aliyetayarishwa, anayeketi karibu na wasioona na kunong'ona. Kinachohitajika ni robo saa kabla ya onyesho ambapo wachezaji huwaruhusu waguse mavazi na vifaa, na kushika bega au mkono wa mchezaji wakati anapolifanya umbo kuu la ngoma ile. Kinachohitajika ni mbao chache zilizotandikwa pale wanapoketi, zigusane na sakafu ya jukwaa ili mtetemo uwafikie nyayoni. Na kwa wenye uoni hafifu, viti vya karibu na mavazi yenye rangi zinazoachana na pazia la nyuma. Katika haya yote sioni gharama ambayo kamati ya wazazi itashindwa kuibeba.

Wengine watadai kwamba maneno yataiharibu sanaa. Yataiharibu ikiwa msimulizi ni mbovu. Msimulizi hodari hasemi mchezaji anahuzunika; husema mabega yamelegea na kidevu kimegusa kifua, akamwachia msikilizaji kazi ya kuhuzunika. Kwa kazi hiyo lugha zetu zina utajiri wa ajabu. Kiswahili kina kuchutama, kujikunyata, kupepesuka, kusota, kunengua na kujipweteka, kila kimoja kikiwa na umbo lake la mwili. Kina mtu anayenyata nyatunyatu, anayekwenda chopi, anayekwenda arijojo kama tiara iliyokatika uzi, na mtoto anayesimama dede. Tanakali zetu hazielezi mwendo tu, huufanya usikike na uguse. Nimewasomesha wanafunzi miaka mingi kuziorodhesha tanakali hizo kwa ajili ya mitihani. Ingekuwa fahari kubwa kuwaona wakizitumia ukumbini, kando ya mtu anayezihitaji.

Sheria nayo haituruhusu kujificha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuidhinishwa na Kenya mwaka 2008, unatamka katika kifungu cha 30 haki yao ya kushiriki katika maisha ya utamaduni, kumbi za maonyesho zikiwamo. Katiba yetu ya mwaka 2010 inaitaka serikali ikuze matumizi ya breli pamoja na Lugha ya Ishara. Tangu Jeshi la Wokovu lianzishe shule ya vipofu ya Thika mwaka 1946, tumefanya kazi ya kusifika katika kuwasomesha wasioona, na huku Meru tuna Shule ya Mtakatifu Lucy kule Igoji. Tumewapa kusoma na kuandika. Utamaduni wao wenyewe, ule unaochezwa na watoto wao na wajukuu wao, bado tunawapa kwa kudokoa.

Naiomba basi kila shule itakayoandaa ngoma kwa ajili ya tamasha zijazo imteue mwanafunzi mmoja awe msimulizi, naye ahudhurie mazoezi tangu siku ya kwanza kama mchezaji yeyote. Afundishwe kuutazama mwili na kuutafutia kitenzi chake. Na kabla ya siku ya maonyesho, waalikwe wazee na vijana wasioona wa kijiji kile waje mazoezini, wausikilize usimulizi wake na kumkosoa pasipoeleweka, kwa sababu wao ndio watakaojua kama neno limeshika au limepeperuka. Wazee kama yule wa njiani wako tayari kunyanyua mikono. Wanangoja mtu wa kuwainua viwiko.